Windows 10 yako: uipandishe, uiache, au uhame kabisa?

"Fundi, niweke Eleven au niache?" Tangu Windows 10 ifike kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ndilo swali la dukani kwangu. Eleven ni Windows 11, toleo linalofuata. Na mimi huwa najibu kwa swali: hii kompyuta inafanya kazi gani ambayo ikisimama kesho asubuhi utakosa hela? Wengi wanashangaa. Walitegemea nitageuza laptop, nisome stika, nitoe hukumu. Stika nitaisoma, lakini siyo kwanza. Mtu anayeangalia muvi na kuandika mihutasari ya kikoba, na mwenye steshenari ambaye kuanzia saa moja asubuhi ana foleni ya wanafunzi wanaojaza fomu za mkopo, siwezi kuwapa jibu moja hata kama laptop zao zimetoka kontena moja.

Natengeneza kompyuta Mwanza, mjini kati. Wateja wangu ni steshenari, maduka ya dawa, shule binafsi, na watu wenye laptop za mtumba zilizopitia Dubai au Ulaya. Ninayoyaandika hapa yanahusu mashine za namna hiyo. Kama ulinunua laptop mpya ya boksi ikiwa na Windows 11 tayari, huna cha kuamua.

Kwanza tuelewane kuhusu huko kufika kikomo. Windows 10 haikuzimika. Inawaka, Word inafunguka, printa inachapa. Kilichokoma ni viraka vya bure vya usalama vilivyokuwa vinakuja kila mwezi. Toleo la 10 na la 11 yana undugu mkubwa ndani, kwa hiyo shimo likizibwa kwenye 11, wahalifu wanakichunguza kile kiraka na kujua pa kugonga kwenye 10. Wakati WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, inalipuka Mei 2017, kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa kwenye matoleo ya kale ambayo yalikuwa hayatolewi viraka tena.

Wapo wanaoniambia, "Mbona Defender bado inajisasisha?" Ni kweli, Microsoft wamesema hiyo kinga ya virusi inayokuja na Windows itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Lakini Defender kazi yake ni kukamata mafaili mabaya inayoyatambua. Shimo la mfumo wenyewe haizibi.

Anza na vilivyounganishwa, siyo na kompyuta

Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho kompyuta hiyo inazungumza nacho: printa, skana, mashine ya fotokopi, mashine ya EFD ya risiti za kodi kama imeunganishwa na programu ya mauzo, printa ya risiti, kisoma alama za vidole. Halafu andika programu ambazo hukuzipakua mwenyewe, alikuja mtu akakuwekea. Hapo ndipo Windows 11 inapovunja watu, siyo kwenye Word wala kwenye Chrome.

Sababu yenyewe ni hii. Windows 11 haina toleo la biti 32, lile la namna ya zamani. Ipo ya biti 64 tu. Programu nyingi za biti 32 zitafanya kazi humo bila tatizo, lakini draiva (programu ndogo zinazoendesha printa na vifaa vingine) za biti 32 hazitakubali, na zile programu za kale kabisa za biti 16, zilizobaki tangu enzi za DOS, hazitafunguka. Kuangalia uko wapi, fungua Settings, ingia System, kisha About, usome mstari wa System type.

Kuna mama mmoja mwenye duka la dawa, nilienda kumwangalizia kompyuta yake ya mezani, Dell OptiPlex 7010.

"Shikamoo mama. Hii programu ya stoo alikutengenezea nani?"

"Marahaba mwanangu. Ni kijana mmoja alikuwa chuo hapa. Sasa hivi ameajiriwa Dodoma, simu yangu hapokei."

Windows yake ilikuwa ya biti 32. Printa ya risiti imechomekwa kwa waya wa siriali, ile plagi pana ya pini tisa, na draiva yake ni ya biti 32 kama mfumo. Dawa zote, tarehe za kuisha muda, na madeni ya wateja vimo kwenye programu hiyo moja. Prosesa ya mashine, yaani ubongo wake, ni ya kizazi cha 3, ambacho Windows 11 haikipokei. Pale hakuna mjadala wa kupandisha. Nilimshauri aiache kama ilivyo ila aitoe kwenye intaneti kabisa, yaani waya wa mtandao uchomolewe na Wi-Fi izimwe, halafu barua pepe na malipo ya mtandaoni ayafanyie kwenye laptop nyingine. Nakala ya data anaichukua jioni kwenye flashi ambayo haichomekwi popote pengine. Flashi inayozunguka mitaani ingerudisha hatari ile ile tuliyoifungia mlango.

Kompyuta isiyoingia mtandaoni na isiyopokea flashi za watu inaweza kukaa kwenye Windows 10 muda mrefu bila kukunyima usingizi. Inayofungua M-Pesa ya biashara, benki, au mifumo ya serikali haina uhuru huo.

Sasa soma prosesa

Microsoft wanataka prosesa iliyo kwenye orodha yao, TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama kinachotunza funguo za siri), UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta) yenye Secure Boot inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, RAM ya GB 4, na hifadhi ya GB 64. Kati ya hivyo, kinachoangusha laptop za mtumba ni prosesa. Kwa Intel, orodha inaanza na kizazi cha 8, ukiacha chache sana za nyuma yake. Kwa AMD, kwa sehemu kubwa inaanza na Ryzen za mfululizo wa 2000.

Usiamini jina la laptop. Muuzaji atakwambia "EliteBook 840 G5 hiyo, inakula Eleven," na mara nyingi atakuwa sahihi, lakini G5 nyingine zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7. ThinkPad T480 ni hivyo hivyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Kwenye mstari wa Processor utaona kitu kama i5-6300U. Angalia tarakimu baada ya kile kistari. Zikiwa nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 6300 ni cha 6, 8250 ni cha 8. Zikiwa tano, chukua mbili za kwanza: 10210 ni cha 10. Zinazochanganya ni zile zenye G, kama 1035G1 na 1135G7, ambazo ni za 10 na 11 ingawa zina tarakimu nne tu kabla ya herufi.

Ukiwa bado hapo kwenye msinfo32, shuka hadi BIOS Mode. Ikisema UEFI, vizuri. Ikisema Legacy, usiogope, maana yake mara nyingi fundi aliyepiga Windows alichagua njia ya zamani. Mashine yenyewe inaweza kuwa na UEFI, ila diski itabidi igeuzwe mpangilio kwanza, na kwenye Windows 10 ipo zana inaitwa mbr2gpt ya kugeuza bila kufuta data. Hiyo kazi mpe mtu anayeijua, na nakala ya mafaili yako iwe pembeni. Kuhusu TPM, bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, usome toleo. Ikikwambia haipo, inaweza kuwa imezimwa tu kwenye BIOS, ile sehemu ya mipangilio unayoiingia kabla Windows haijawaka.

Microsoft wana programu yao inayoitwa PC Health Check inayofanya ukaguzi wote kwa batani moja. Itumie, ila inakujibu ndiyo au hapana bila kukwambia kama utafurahia. Zipo laptop ndogo za Celeron N4020 zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyogandishwa kwenye ubao. Zinapita mtihani huo. Ukiipandisha moja ya hizo, hifadhi itakuwa inalia imejaa kila sasisho likija, na Chrome ikiwa na kurasa tano utakuwa na muda wa kwenda kunywa chai. Kipimo changu mimi ni RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka), na nafasi ya GB 30 iwe wazi kabla ya kuanza. Kama mashine ina kizazi cha 8 lakini bado iko kwenye hadi diski ya kuzunguka, hela yako ya kwanza iende kwenye SSD. Watu wanalaumu Windows kwa uzito ambao ni wa hadi diski.

Leseni

Hili watu hawapendi niligusie, lakini linabadilisha hesabu. Kupandisha kutoka 10 kwenda 11 ni bure kama Windows 10 yako ni halali. Nenda Settings, Update & Security, kisha Activation. Ikiandika kwamba imewashwa kwa digital license, uko sawa. Ikiandika "Windows is activated using your organization's activation service" na wewe huna kampuni, hiyo ni laptop yako ya nyumbani, basi kuna uwezekano mkubwa mtu aliweka kreki, yaani zana ya kuiwasha Windows bila leseni. Zana nyingi za kreki zinaanza kwa kumwambia Defender afumbe macho kwenye folda fulani, na baada ya hapo huwezi kujua nini kingine kinaishi humo. Mashine ya namna hiyo usiipandishe juu kwa juu. Toa mafaili yako, ifutwe, ipigwe upya. Habari njema ni kwamba laptop nyingi za mtumba zilizokuwa za maofisini zina ufunguo halali wa Windows uliochomwa ndani ya BIOS tangu kiwandani. Ukipiga toleo linalolingana nao, Home au Pro, kwa kawaida inajiwasha yenyewe ukiingia mtandaoni. Kuna watu wamebeba kreki miaka kadhaa juu ya leseni waliyokwisha kuinunua.

Kama haifiki

Una kizazi cha 6 au cha 7, na hizo ndizo zimejaa mtaani. Njia ni tatu, na ya nne ambayo nitaisema ili niikatae.

Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft wana mpango wa viraka vya ziada, ESU, ambao kwa mtumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipia dola 30, au ukapata bila malipo ukiingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya Microsoft na kuwasha uhifadhi wa mipangilio yako mtandaoni. Leseni moja inabeba hadi mashine 10. Sharti uwe na Windows 10 ya 22H2, yaani toleo la nusu ya pili ya 2022. Andika winver pale kwenye Windows na R, utaiona. Mlango wa kujiunga uko kwenye ukurasa wa Windows Update. Tahadhari moja: inayotakiwa ni mipangilio tu. Usikubali na folda za Desktop na Documents zipande OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, maana nafasi ya bure ni GB 5, itajaa, na bando lako litaondoka nalo. Kompyuta zilizounganishwa na seva ya ofisi haziingii kwenye mpango huu. Makampuni yana mpango wao, unaoanzia dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza na bei inaongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Kwa shule yenye maabara ya kompyuta za kizazi cha 4, hiyo ni hela ya kuchoma.

Ya pili ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na hapa nina upendeleo wangu, nakiri. Toleo la 22 lina viraka hadi 2029, na linaishi vizuri kwenye RAM ya GB 4. Uzuri wake ni kwamba unalijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyomo. Chomeka, washa, unganisha Wi-Fi, fungua tovuti zako, chapa ukurasa mmoja. Ikikataa, unachomoa flashi na hakuna kilichobadilika. Kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko ndani ya kivinjari, hatoona tofauti kubwa baada ya wiki. Ila mwenye steshenari namkataza, au namwambia aiweke kwenye mashine ya pili tu. Wateja wanakuja na CV na fomu za Word zenye majedwali, ukizifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayotumika badala ya Word, mstari mmoja unahama, ukurasa mmoja unakuwa miwili, na foleni iko nyuma yake. Na draiva za mashine kubwa za fotokopi kwenye Linux zinaweza kukula siku nzima.

Ya tatu ni kununua nyingine ya mtumba, ya kizazi cha 8 kwenda juu, na ukienda dukani fanya zile hatua za msinfo32 pale pale kabla hujatoa hela. Muuzaji akinuna, nenda duka la jirani.

Ya nne ni ile ambayo fundi atakwambia, "Naiweka kwa nguvu, haina shida." Inawezekana kweli. Programu ya Rufus inatengeneza flashi ya Windows 11 inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na mashine itawaka. Lakini Microsoft hawaahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na kila toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Lazima mtu aje tena na flashi. Matoleo ya Home na Pro yana uhai wa miaka miwili tu kila moja. 23H2 ilikwisha Novemba 2025, na hiyo hiyo ndiyo bado imo kwenye flashi za mafundi wengi. Kwa hiyo unaweza kulipa, ukawekewa Windows 11, ukaondoka umefurahi na mfumo ambao viraka vyake vimeshakoma, sawa na ule uliouacha. Na mwenye Core 2 Duo asihangaike. Kuanzia 24H2, prosesa hizo zinakosa amri ambazo Windows inazihitaji, haiwaki hata kwa kulazimishwa. Kwenye laptop yako ya kuchezea, fanya upendavyo. Kwenye ya kazi, hapana.

Umeamua kupandisha

Nakala ya mafaili, kwenye eksternal (diski ya nje ya kuchomeka), siyo kwenye diski D ya kompyuta hiyo hiyo. Ni hadi diski moja iliyogawanywa, ikifa zinakufa zote mbili. Ingia Desktop na Downloads pia, ndiko watu wanakoweka mambo muhimu. Ukimaliza kunakili, fungua mafaili machache kutoka kwenye eksternal uone yanafunguka.

Kisha usimbaji wa diski, yaani kuifunga data kwa ufunguo. Kama laptop ina BitLocker, usimbaji wa Windows wenyewe, imewashwa, tafuta ule ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 kabla hujagusa chochote kwenye BIOS, na uuandike kwenye daftari. Kwa kawaida unakaa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha mashine mara ya kwanza. Kwa laptop iliyopita mikono mitatu, hakikisha akaunti hiyo ni yako. Ukipiga Windows 11 upya kuanzia 24H2 na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji unaweza kujiwasha bila kukuuliza, basi hakikisha nenosiri la akaunti hiyo unalikumbuka na namba ya simu iliyosajiliwa bado unayo.

Chagua siku. Steshenari isipandishe wiki ya maombi ya vyuo. Shule isipandishe wiki ya kutoa ripoti. Jumamosi jioni inafaa, kwa sababu Jumapili unakuwa na nafasi ya kuhangaika. Faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo usipakue kwa hotspoti ya simu ukitegemea bando la siku. Kama huko tayari bado, weka Wi-Fi yako kwenye metered connection ili mashine isijivutie yenyewe mzigo huo usiku. Unaweza kutengeneza flashi ya GB 8 mara moja kwenye sehemu yenye mtandao mzuri, ukaitumia kwa mashine zote. Umeme ukikatika katikati ya kazi, laptop yenye betri nzima itavumilia. Ya mezani iwe kwenye UPS. Na laptop ambayo betri yake imekufa, inayozimika ukigusa chaja, ihesabu kama ya mezani.

Ikishawaka, usianze kubadilisha rangi na picha. Rudi kwenye ile karatasi ya mwanzo. Chapa ukurasa. Skani ukurasa. Toa risiti. Fungua programu ya mauzo na utafute mauzo ya mwezi uliopita. Fanya hivyo siku ile ile, kwa sababu Windows inakupa siku 10 tu za kurudi kwenye 10 kwa batani ya Go back iliyo kwenye Settings, System, Recovery. Toleo la zamani linakuwa limetunzwa kwenye folda inaitwa Windows.old, na mtu asikushauri kuifuta ili upate nafasi kabla hujamaliza kujaribu kila kitu. Siku 10 zikiwa chache, tuseme mhasibu yuko safari na ndiye anayejua programu ya hesabu, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi ndani ya siku hizo, uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30. Hapo una mwezi. Inakubali hadi 60, ila folda hiyo inakula GB nyingi wakati wote huo, kwa hiyo mwenye SSD ya GB 128 asiombe zaidi ya anachohitaji.